Mvua ya Uluguru haifungiki, tafuta sare

MOROGORO. UKIKAA jukwaani kwenye Uwanja wa Jamhuri mjini hapa, milima ya Uluguru unaiona bila hata kunyanyuka. Mara nyingi uwanjani jua linachoma, lakini kule juu wingu zito limekalia vilele kama beki aliyegoma kupanda. Vijana wengi wanaokuja na mabegi mgongoni kupanda milima hiyo na kulala kwenye mahema wanadanganywa na jua hilo la mjini. Wanapanda kifua mbele, wanashuka wamelowa chapachapa, wengine wakiapa hawarudi tena.

Tatizo lao si hema bovu. Tatizo ni kwamba wamekwenda kutafuta pointi tatu sehemu ambayo hata pointi moja ni ushindi. Mvua ya Uluguru haifungiki. Hii ni mechi ya ugenini, na mwenye akili anapanga kikosi cha kutafuta sare. Sare yenyewe ina maana moja tu: mwili ubaki na joto na usiku ulale mkavu. Vingine vikilowa, vilowe.

Mwenyeji yuko kwake

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Vilele vya Bondwa na Lupanga vinavyoutazama mji vinapita mita 2,000, na Kimhandu, mkubwa wao, unapita mita 2,600. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukifika hapo unagonga ukuta. Unapanda, unapoa, unamwaga maji. Mjini mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 1,000, lakini miteremko ya mashariki inapata zaidi ya milimita 2,000. Si bure Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unaanzia huku.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba kuna afadhali, ila upande wa mashariki usiupe dhamana mwezi wowote. Hata siku isiyo na mvua, ukungu peke yake unatosha kulowesha nguo.

Halafu kuna baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6. Mjini ikiwa nyuzi 30 mchana, kwenye uwanda wa Lukwangule ni kama 18, na hapo usiku haujaingia. Ongeza nguo zilizolowa na upepo, hapo ndipo muziki unapoanza.

Jezi yako ina kazi

Wanaokwenda na jinzi na fulana ya pamba wanajifunga mapema. Pamba inanyonya maji, inakuwa nzito na inachukua muda mrefu kukauka. Jezi ya Simba au Yanga, hata ile ya msimu uliopita, imetengenezwa kwa polista. Haishiki maji mengi na inakauka upesi. Vaa jezi, juu yake sweta la sufu au la manyoya ya polista, kisha koti la mvua.

Sasa kuna wachezaji wa akiba: suruali moja, sweta moja, soksi na blanketi au mfuko wa kulalia. Hawa hawaingii uwanjani mchana kwa sababu yoyote ile. Wanatoka ndani ya hema tu, usiku. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo ile janja ya kufunga nguo kwenye rambo imekwisha. Tafuta mfuko wa turubai laini unaokunjwa mdomo mara tatu, au funga kila kitu kwenye kipande cha nailoni nzito inayouzwa kwa mita madukani.

Kazi ngumu ni asubuhi. Unavua zile kavu, unarudia zile zilizolowa jana. Inauma! Lakini anayetoka na nguo kavu kwenye mvua, jioni atakuwa hana cha kulalia. Wengi wanapotezea mechi hapo.

Hema nalo lina nidhamu yake

Usifunge hema kwenye bonde wala kwenye njia ya maji, hata kama pamekauka na pamelala vizuri. Usilale chini ya mti mzee wenye matawi makavu. Tafuta mahali palipoinuka kidogo.

Turubai la chini lisizidi ukubwa wa hema. Likichomoza hata upana wa kiganja, linakinga maji ya paa na kuyaleta chini ya mgongo wako. Nailoni ikilowa inalegea, hivyo kabla ya kulala toka ukaze kamba, maana paa la nje likigusa la ndani, maji yanapita.

Kuna maji mengine hayatoki mawinguni. Watu wawili wakilala kwenye hema lililozibwa kila upande, pumzi zao zinageuka matone ukutani. Asubuhi wanamlaumu aliyewauzia hema kumbe ni goli la kujifunga. Matundu ya juu yaache wazi hata mvua ikinyesha.

Baridi ikizidi, kuna wanaoingiza jiko la mkaa ndani. Hiyo ni kadi nyekundu ya moja kwa moja. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini.

Asubuhi likung'ute hema, kunja paa la nje peke yake ili lisiloweshe la ndani. Jua likitoka wakati wa chakula, lianike hata kwa nusu saa. Ukifika nyumbani lianike tena mpaka likauke kabisa. Ukiliweka kabatini likiwa bichi, litaota kuvu na msimu ujao huna hema.

Somo la Bern

Fainali ya Kombe la Dunia 1954 ilichezwa mjini Bern, Uswisi, mvua ikinyesha. Ndani ya dakika 8 Hungary walikuwa wameshawafunga Ujerumani Magharibi mabao 2-0. Wajerumani walikuwa na viatu ambavyo njumu zake zinabadilishwa, wakavaa ndefu za kushika tope, wakashinda 3-2. Mvua iliwanyeshea wote sawa, lakini waliojiandaa nayo ndio waliondoka na kombe.

Refa akipuliza, rudini

Mwenzenu akianza kutetemeka bila kukoma, akajikwaa hovyo na ulimi ukawa mzito, hana uvivu huyo. Mwili wake unapoteza joto. Mvueni nguo zilizolowa, mvalisheni kavu, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na msaada utafutwe haraka. Pombe kali isiguswe. Inampa hisia ya joto huku ikitoa joto lenyewe mwilini. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali imekuwa mbaya zaidi.

Mto ukijaa, usivukwe. Subirini upungue au rudini mlikotoka.

Sehemu kubwa ya msitu huu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Chukua kibali na mwongoza njia kabla ya kupanda. Huyo mwenyeji akitazama wingu na kusema leo haiwezekani, msikilize. Uwanja ukijaa maji mpaka mpira haudundi, refa anaahirisha mechi na hakuna anayemwita mwoga. Inapangwa tarehe nyingine, na wachezaji wote wanakuwepo.