Dhahabu Inavyonasa Zebaki: Fahamu Vihisi vya Kielektrokemia na Afya ya Mchimbaji

Na Mwandishi Wetu, Geita

Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu mkoani Geita na mkoani Shinyanga, mchimbaji mdogo anafahamu jambo moja la kikemia pasipo kufundishwa darasani: zebaki na dhahabu hushikana. Zebaki inapochanganywa na mchanga uliosagwa kwenye karasha, hunasa chembe za dhahabu na kuungana nazo kuwa donge la rangi ya fedha. Donge hilo likichomwa, zebaki hutoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Wataalamu wa vipimo wameigeuza tabia hiyohiyo kwa kuiweka dhahabu kuwa mtego, ili inase zebaki iliyomo katika sampuli.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni miongoni mwa vihisi vya kielektrokemia, yaani vifaa vinavyogeuza mmenyuko wa kikemia kuwa umeme unaoweza kupimwa. Wananchi wengi wamekwisha kutumia kimojawapo bila kukijua kwa jina hilo, nacho ni mashine ya kupimia sukari. Msingi wake uliwekwa mwaka 1962 na wanasayansi Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani, na mwaka 1987 kikaingia sokoni kipimo chenye umbo la kalamu ambacho mgonjwa angeweza kukitumia nyumbani.

Kwenye ncha ya stripu huwekwa kimeng'enya, mara nyingi glukosi oksidesi, ambacho kazi yake ni kuitambua glukosi katikati ya vitu vingi vilivyomo katika damu. Kimeng'enya hicho huipokonya glukosi elektroni, nazo hupelekwa kwenye elektrodi na kuzalisha mkondo mdogo sana wa umeme. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo mkondo unavyoongezeka, na mashine huutafsiri kuwa namba ya milimoli kwa lita.

Kwa kuwa kipimo hiki hakijui sukari imetoka wapi, aliyemenya embe akapimwa kabla ya kunawa anaweza kusomewa kiwango kinachotisha ilhali yu mzima. Stripu zilizoachwa wazi katika joto na vumbi huharibika. Upungufu wa damu nao, tatizo ambalo malaria imelizoesha Kanda ya Ziwa, unaweza kuifanya mashine isome juu kuliko hali halisi. Ndiyo maana kiwango cha milimoli 7.0 au zaidi kabla ya kula huthibitishwa maabara kabla ya mtu kuambiwa ana kisukari.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kipimo cha tone la damu kiko katika kundi hili. Vipimo vya haraka vya malaria na VVU vinavyoonesha mistari hutumia kingamwili na rangi, si umeme.

Sasa turejee kwenye zebaki. Mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini kupitia mapafu, kisha huathiri ubongo na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, usingizi hupotea. Dalili ambazo ni rahisi kuzisingizia pombe au uchovu. Kwa mjamzito, mvuke huo humfikia mtoto aliye tumboni. Kiashiria kinachotegemewa kwa aliyevuta mvuke ni kiasi cha zebaki katika mkojo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu katika mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) walichukua sampuli za mkojo, damu na nywele za wakazi wa Rwamagasa, mkoani Geita. Wanaochoma donge ndio walioonekana kubeba mzigo mkubwa zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu.

Kihisi chenye elektrodi ya dhahabu hupima zebaki katika maji kwa kuikusanya juu ya elektrodi, kisha kuiachia kwa umeme na kusoma mkondo unaotokea. Vipo pia vihisi vinavyotumia nyuzi fupi za DNA zilizobandikwa juu ya dhahabu, kwa kuwa zebaki hupenda kujipachika kati ya herufi mbili za timini. Mkojo, hata hivyo, una chumvi na protini zinazovuruga usomaji, hivyo upimaji wa afya ungali unategemea mashine kubwa za maabara. Mashine ya sukari haiwezi kumwambia mchimbaji ana zebaki kiasi gani, na anayeuza huduma ya namna hiyo mwaloni anawalaghai watu.

Mchimbaji, au mama anayeishi jirani na mahali pa kuchomea, mwenye dalili zilizotajwa anashauriwa kumweleza mganga waziwazi kwamba anashika au anavuta zebaki, ili aelekezwe kwenye uchunguzi unaofaa. Taarifa hiyo isicheleweshwe, kwani nusu ya zebaki iliyoingia kwa mvuke hutoka mwilini ndani ya miezi miwili hivi, na kipimo cha baadaye kinaweza kuonesha kiwango kidogo ilhali madhara yamebaki. Siku ya kutoa mkojo, avue nguo za kazini na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chupa ya sampuli, kwa sababu zebaki iliyo kwenye vidole au nguo inaweza kuingia humo na kuhesabiwa kana kwamba imetoka mwilini.