Mambo ambayo mama haambiwi kabla ya kujifungua

Mama akirudi nyumbani Pito akitoka kujifungua, maswali yote ni ya mtoto. Ni wa kike au wa kiume? Ana kilo ngapi? Ananyonya? Wanaokuja kumpa hongera huleta sabuni, kuni au unga wa ulezi wa kupikia uji. Wanambeba mtoto, wanamfananisha na babu yake, wanaondoka. Mama mwenyewe huulizwa mara moja tu, "Umepona?", naye hujibu kwamba amepona. Jibu jingine halina nafasi pale.

Kliniki ya wajawazito imetufundisha mengi kuhusu miezi tisa. Kuhusu wiki sita zinazofuata, hata mama mkwe na mashangazi huzungumza kwa mafumbo. Matokeo yake ni kwamba mama ambaye hakuambiwa kuwa damu itatoka kwa wiki kadhaa hawezi kujua ni ipi ya kawaida na ipi ya kukimbilia kituo cha afya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini duniani kote sehemu kubwa ya vifo hivi hutokea mtoto akiwa ameshazaliwa, wakati nyumba nzima inaamini kazi imekwisha.

Tuanze na chumba cha kujifungulia, na jambo ambalo wengi huona haya kulitamka. Mama anaposukuma, kichwa cha mtoto hupita jirani kabisa na njia ya haja kubwa, na kilichomo hutoka. Wakunga wanalijua hilo tangu siku yao ya kwanza kazini. Hufuta na kuendelea na kazi. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaojizuia kusukuma kwa hofu hiyo, na wapo wanaoona heri wajifungulie nyumbani wasionekane.

Mtoto akishatoka, mama huchomwa sindano, mara nyingi pajani. Kama uliwahi kudhani ni sindano ya kufunga uzazi, siyo. Mahali lilipokuwa kondo la nyuma panabaki kidonda ndani ya mfuko wa uzazi, na mishipa ya damu iliyokuwa ikimlisha mtoto inabaki wazi. Kinachoifunga ni nyama za mfuko wenyewe kujikaza. Sindano hiyo, inayoitwa oksitosini, inaufanya mfuko ujikaze. Mwili wa mama pia hutengeneza oksitosini yake mtoto anaponyonya, na ndiyo maana tumbo hukaza na kuuma anapowekwa kwenye ziwa. Kwa mtoto wa pili au wa tatu maumivu huwa makali zaidi kuliko kwa wa kwanza. Wengi husema ni chango na kutafuta mizizi ya kuchemsha. Hakuna ugonjwa hapo, mfuko unarudi mahali pake. Muulize nesi dawa ya kutuliza maumivu, na ndani ya siku chache yatakwisha.

Damu yenyewe huwa nyekundu siku za kwanza, kisha inageuka kahawia, mwishowe majimaji meupe au ya njano. Inaweza kuendelea hadi wiki sita. Inayotisha ni ile inayolowesha pedi au kitambaa chapachapa ndani ya saa moja, au inayotoka na mabonge makubwa kuliko yai, au inayokuja pamoja na kizunguzungu na jasho la baridi. Uchafu wenye harufu mbaya pamoja na homa nao usisubiri kesho.

Kupima damu kwa macho ni kugumu hata kwa mkunga mzoefu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama, nao wakatakiwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara damu inapozidi. Akina mama waliopatwa na madhara makubwa ya kutokwa damu walipungua kwa asilimia 60. Basi fikiria mama aliye nyumbani usiku, mwenye kanga tu na tochi ya simu. Ndiyo sababu anashauriwa asiondoke kituoni kabla ya saa 24, hata kama anajisikia mzima na bodaboda iko nje inasubiri. Na dharura ikitokea akiwa nyumbani, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, na husaidia kupata usafiri kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga. Andika namba hiyo kwenye simu ya baba na ya jirani pia. Simu ya mama inaweza kuwa haina chaji.

Kuhusu maziwa tutasema kwa ufupi. Siku mbili tatu za kwanza yanatoka machache, mazito na ya njano, yanayoitwa dang'a. Hayo si machafu, wala si dalili kwamba mama hana maziwa. Yamebeba kinga ya mtoto, na tumbo lake kwa wakati huo ni dogo mno. Mtoto hupungua uzito kidogo siku hizo na kuurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Karibu siku ya tatu maziwa huja kwa wingi, matiti yanakuwa magumu kama jiwe na mama anaweza kulia kwa maumivu. Dawa yake ni kunyonyesha mara kwa mara. Ukitaka kujua kama mtoto anashiba, kuanzia siku ya tano hivi hesabu mikojo yake: ikifika sita kwa siku, maziwa yanamtosha. Hahitaji maji ya sukari.

Hapa kwetu Ufipa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Dar es Salaam hulipita haraka, nalo ni baridi. Juu ya uwanda huu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai unauma hata mtu mzima mwenye koti. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko sisi. Kwa nia njema kabisa, familia huingiza jiko la mkaa chumbani, zinafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta husikia kichwa kizito na usingizi, na asipotolewa nje anaweza asiamke. Joto salama kuliko yote ni kifua cha mama: mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, alazwe ngozi kwa ngozi kati ya matiti, kisha wafunikwe wote kwa kitenge na blanketi. Baba naye ana kifua, na kinafanya kazi hiyo hiyo. Kuogeshwa kusubiri angalau saa 24. Na wanaomkanda mama kwa maji ya moto wasimguse penye nyuzi. Maji ya uvuguvugu na usafi vinatosha, maana ngozi iliyochanika ikiunguzwa haiponi.

Kuna aibu nyingine, ya mkojo. Wanawake wengi baada ya kuzaa huvujisha matone wanapokohoa, kucheka au kunyanyua ndoo. Nyama za chini zimevutika, na mara nyingi zinarudi kwa mazoezi ya kuzibana na kuziachia, kama mtu anayezuia mkojo, mara kadhaa kila siku. Lakini mkojo unaotiririka wenyewe mchana na usiku, bila kukohoa wala kunyanyua kitu, ni jambo tofauti. Hiyo ni fistula. Hutokea uchungu unapochukua muda mrefu bila msaada: kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu, nyama hufa, tundu linabaki. Wapo wanaoishi nalo miaka mingi, wakilala peke yao na kuacha kwenda kanisani au sokoni kwa sababu ya harufu, wakiambiwa wamelaaniwa. Fistula inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu ili umbali usiwe kikwazo kwa mama wa mikoani. Tundu likiwa jipya na dogo, mpira wa mkojo ukiwekwa mapema unaweza kulifanya lizibe bila kisu. Kwa hiyo anayevuja wiki ya kwanza aseme wiki hiyo hiyo.

Kichwa nacho huzaa. Siku ya tatu au ya nne mama analia bila sababu anayoweza kuieleza, huku mtoto ni mzima na mume ameleta nyama. Homoni zilizokuwa juu kwa miezi tisa zimeshuka ghafla, na hali hii huwapata wengi, kisha huisha ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, mama akawa hali, halali hata mtoto akilala, hana hamu na mtoto, au anawaza kufa, huo ni ugonjwa wa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata sonona baada ya kuzaa. Si uvivu, wala si kukosa shukrani. Wachache zaidi, mmoja au wawili kati ya 1,000, huchanganyikiwa kabisa, wakisikia sauti na kuongea yasiyoeleweka. Huyo asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jina la Sumbawanga husemwa kuwa na maana ya "tupa uchawi", na bado mama akichanganyikiwa au akianguka degedege baada ya kujifungua, wapo wanaotaka kuanza kwa mganga. Degedege hilo ni kifafa cha mimba, kinachotokana na shinikizo la damu, na kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na uso kuvimba ni taarifa zake. Kituo cha afya kina dawa ya kuzuia degedege hilo, na kila saa inayopotea njiani kwa mganga ni ya hatari.

La mwisho ni la kitanda cha wazazi. Sehemu nyingi za nchi husemwa kwamba baba na mama wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, mtoto "amebemendwa", atakonda na kuchelewa kutembea. Kwa hiyo mama mwenye mtoto aliyekonda huona haya kwenda kumpima, maana kila mtu atajua, au atadhani anajua, kilichotokea chumbani kwake. Mbegu za mwanaume haziingii kwenye maziwa. Mtoto hukondeshwa na kuhara, malaria, maradhi mengine na chakula kisichotosha. Utafiti wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolima mahindi na maharage ya kulisha wengine. Uji mwepesi wa mahindi peke yake, baada ya miezi sita, unaeleza mengi kuliko kitanda.

Hata hivyo wazee waliona kitu. Mimba nyingine ikiingia upesi, mtoto huachishwa ziwa kabla ya wakati, naye kweli hudhoofika. Na mimba inaweza kuingia mama akiwa hajaona hedhi hata mara moja, kwa sababu yai hutoka kwanza, hedhi ndiyo inayofuata. Anayenyonyesha maziwa yake tu, usiku na mchana, akiwa hajaona hedhi na mtoto hajafikisha miezi sita, ana kinga kubwa. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, kinga hiyo isitegemewe. Kuhusu kukutana tena, wasubiri damu ikauke na kidonda kipone, kwa kawaida wiki sita hivi, na mama akisema bado anaumia basi bado. Mahudhurio ya wiki ya sita kituoni ni mahali pa kuuliza haya yote pamoja na njia ya uzazi wa mpango, na baba anaruhusiwa kuingia naye.