Mipira miwili, mikimbio kumi: Usiku wangu wa kriketi Ahmedabad

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wanaujua mji wa Ahmedabad, India, kwa marobota ya vitambaa. Mimi nami ni vitambaa vilivyonifikisha huko Mei 2023. Shemeji yangu, mwenye duka Gatuna, alihitaji mtu wa kumsemea Kiingereza, nikaomba ruhusa ya siku kumi bila malipo shuleni ninakofundisha. Mwenye ghala tuliyenunua kwake akatupa bahashishi: tiketi mbili za fainali ya ligi ya kriketi ya India, IPL, Jumapili tarehe 28.

Shemeji aliipokea yake kama mtu aliyepewa risiti ya deni la mwingine. Mimi mikono ilitetemeka.

Nilizaliwa Uganda, mtoto wa wakimbizi, na nikasomea huko. Shule yetu, nje kidogo ya Kampala, ilikuwa na timu ya kriketi. Miaka mitatu nilijaribu kuingia, na miaka mitatu nikaambiwa timu ni ya watoto wa hapa. Mwisho nikapewa daftari na penseli nihesabu mikimbio ya wenzangu. Nikahesabu kweli kweli! Tuliporudi Rwanda mwaka 1996 nilikuwa sijawahi kushika kile kibao cha kupigia katika mechi hata moja.

Ni vijana waliorudi kutoka nchi za jirani ndio walioupanda mchezo huu nyumbani. Chama kiliundwa mwaka 1999, uwanja wa Gahanga ukafunguliwa mwaka 2017, na Januari 2023 wasichana wetu wa chini ya miaka 19 wakawashinda Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia, Afrika Kusini. Gahanga huwa naenda. Lakini mechi ya wanaolipwa mamilioni nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Hata sarafu haikurushwa. Tulikaa tumelowa hadi karibu saa tano usiku, likatoka tangazo: mechi ni kesho, tunzeni tiketi zenu. Niliifunga yangu katika mfuko wa nailoni. "Mwalimu," shemeji akaniuliza, "tumekuja kununua mali au kunyeshewa?" Asubuhi yake tulipaswa kupanda treni kwenda Surat kukamilisha mzigo. Nilimwambia aende, nitamsubiri. Hakunijibu. Alichukua kikokotoo chake akaenda peke yake.

Si mimi peke yangu niliyekuwa na wazimu huo. Mashabiki wa Chennai waliosafiri kutoka kusini walilala sakafuni katika stesheni ya reli, na fulana zao za manjano mwilini.

Jumatatu jioni uwanja wa Narendra Modi, unaochukua watu 132,000, ulikuwa wa manjano. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Wenyeji ni Gujarat, huu ni uwanja wao, lakini kila nikigeuka naona rangi ya wageni. Wamekuja kwa ajili ya Mahendra Singh Dhoni, nahodha wa Chennai aliyekuwa na umri wa miaka 41. Naye si wa Chennai, ni wa Ranchi.

Gujarat walipiga kwanza. Kwa wasioujua mchezo: kila upande hupewa ova 20 za mipira sita sita, mpira ukivuka mpaka bila kugusa chini ni mikimbio sita, ukigusa ni minne. Kijana wa miaka 21, Sai Sudharsan, alipata 96 kwa mipira 47. Jumla ikawa 214. Jirani yangu, mzee mwenye fulana ya manjano, alishika kichwa. "Yule ni mtoto wa Chennai," akaniambia. "Anatuua kwa niaba ya Gujarat."

Chennai wakapokea mipira mitatu tu, mvua ikarudi. Vibarua waliingia na sponji kukausha majani, na watu wakawashangilia kama wachezaji. Mechi ilirudi saa sita na dakika kumi usiku. Kwa kanuni ya hesabu ya Duckworth-Lewis-Stern, Chennai walitakiwa kupata 171 kwa ova 15.

Kwenye televisheni husikii sauti inavyokuja. Huanzia upande wa pili wa uwanja, inazunguka, inakupita kifuani kabla hujaona mpira umekwenda wapi. Devon Conway alipata 47 kwa mipira 25. Ambati Rayudu akapiga sita, nne, sita, kisha akatoka. Akaingia Dhoni, na watu wote wakasimama. Mpira wake wa kwanza aliupiga juu, ukadakwa. Nilimsikia muuza chai akihesabu chenji safu tatu chini yangu.

Ova ya mwisho: mikimbio 13. Mrushaji Mohit Sharma akafukia mipira miguuni mwa wapigaji. Sifuri, moja, moja, moja. Niligundua nimeandika namba hizo nyuma ya tiketi, kwa mkono ule ule wa daftari la Kampala. Imebaki mipira miwili, zinahitajika kumi.

Aliyekuwa na kibao ni Ravindra Jadeja. Wa tano akaupiga moja kwa moja juu ya kichwa cha mrushaji, sita. Wa mwisho aliugusa tu, ukateleza nyuma yake hadi mpakani. Nne! Ilikuwa yapata saa saba na nusu usiku. Jadeja alikimbilia kwa Dhoni, naye mzee akambeba juu. Jirani yangu alinikumbatia huku analia. "Jadeja ni wa Jamnagar," akasema, "ni wa hapa hapa Gujarat." Nikamuuliza, na wewe je? Akacheka. "Mimi nimezaliwa mtaa wa pili."

Shemeji alirudi Jumanne jioni. Bila mkalimani alikuwa amelipa zaidi kwa marobota mawili, na moja lilikuwa la rangi ambayo Gatuna haiuziki. Tofauti ile niliilipa kwa mishahara mitatu, na mke wangu anaijua hadi senti ya mwisho. Usiku ule hotelini shemeji alivua viatu kimya kimya, akakaa kitandani, akaniuliza, "Haya, nani alishinda?"

Nikamtolea tiketi, nikaanza kumsomea namba.