Flashi hunasa bao la jioni, ila isimtie kipa kiwi

KATIKA mji wa Lafey, kaunti ya Mandera, joto la mchana ni kali na soka hungoja jua lipoe. Lakini mji huo uko karibu na ikweta: jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Bao la dakika ya mwisho humkuta mpigapicha akiwa na mwanga hafifu.

Hapo ndipo flashi hufaa. Bila hiyo, kilango cha kamera hulazimika kukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, na mguu unaopiga mpira hutoka kama ukungu pichani. Flashi humulika kwa takriban sehemu moja kwa 1,000 ya sekunde, au muda mfupi zaidi nguvu yake ikipunguzwa, hata mpira ukaonekana umesimama hewani.

Mhandisi Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia mbinu hiyo mwaka 1934 kunasa kiatu kikizama katika mpira.

Hata hivyo, mwanga huo hauendi mbali. Mchezaji aliye mita 10 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya mwanga ambao angepata akiwa mita 5. Kwa hivyo mpigapicha huchagua sehemu moja, kama vile kona, akasubiri mchezo umfikie.

Vumbi nalo ni adui. Flashi iliyo juu ya kamera humulika chembe zilizo mbele ya lenzi na kujaza picha madoa meupe. Dawa ni kuitenga na kamera na kuisimamisha kando.

Muhimu zaidi ni haki ya mchezaji. Kipa anayekabili penalti akitiwa kiwi, bao huenda likaingia kwa kosa la kamera. Katika jimnastiki, flashi hupigwa marufuku kwa sababu ya usalama.

Lafey pia iko karibu na mpaka wa Somalia, na Aprili 2015 Mandera ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizowekewa kafyu ya usiku baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Katika eneo kama hilo, mimweko ya ghafla gizani yaweza kuzua hofu. Ni busara kumwarifu refa, makocha na maafisa wa usalama kabla ya mechi kuanza.