Je, Wajua? Kidonda cha Mti Hakiponi

Mwembe mkubwa ukikatwa tawi, haupati nafuu kama mwili wa mtu. Huizingira sehemu iliyoumia kwa kinga ya kemikali, kisha tabaka jipya hukua juu yake mwaka hadi mwaka. Kidonda hubaki ndani maisha yote.

Kupaka rangi au lami hakuzuii uozo. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno na kulithibitisha hilo.

Kinachofaa ni kukata mahali sahihi. Tawi linapoungana na shina pana uvimbe, aghalabu wenye mikunjo ya gome. Msumeno upite nje kidogo ya uvimbe huo. Uvimbe huo ukiondolewa, mti hupoteza kinga yake. Kikiachwa kisiki kirefu, huoza na uozo huingia shinani.

Mizizi mingi haizami sana. Sehemu kubwa imo katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo huenea kupita kivuli cha matawi. Kuegesha gari, kumwaga zege au kurundika kifusi hapo huinyima hewa. Mti huweza kukauka miaka kadhaa baadaye, fundi aliyemwaga zege keshaondoka zamani.

Shina lenye uwazi ndani si lazima liwe linakufa, kwa kuwa maji hupanda kwenye tabaka za nje. Dalili za hatari ni uyoga shinani, ufa mpya na mti ulioanza kuinama. Mti wa namna hiyo ukaguliwe kabla ya masika.