Msamiati wa Mtandao wa Waya Katika Kituo cha Afya

Mtumishi wa kituo cha afya anapotoa taarifa kwamba "mtandao umekatika", fundi huwa bado hajajua aanzie wapi. Huenda kebo imechomoka mapokezi, huenda kuna kifaa kilichozimika, au hitilafu iko nje ya jengo. Wakati chanzo kikitafutwa, majibu ya maabara hayamfikii daktari, na mgonjwa anaendelea kusubiri.

Uchukuliwe mfano wa kituo kilichopo Nyakato, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, chenye kompyuta mapokezi, maabara na chumba cha dawa. Kumbukumbu za wagonjwa hutunzwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Kila kompyuta huunganishwa kwa kebo yenye nyaya nane za shaba, zilizosokotwa katika jozi nne. Msokoto huo hupunguza mwingiliano wa mawimbi ya umeme. Kwa kawaida urefu wake haupaswi kuzidi mita 100.

Kebo hizo hukutana kwenye swichi, kifaa kinachopokea taarifa na kuipeleka kwenye kompyuta inayohusika. Ruta, kwa upande wake, huunganisha mtandao wa ndani na mitandao ya nje, ikiwemo intaneti. Ili taarifa isipotee njia, kila kompyuta hupewa anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.20. Kompyuta mbili zikipewa anwani moja, mawasiliano yake huvurugika.

Kati ya jengo na jengo, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga zinafaa zaidi kuliko shaba. Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi, na kioo hakipitishi umeme wake kutoka jengo moja hadi jingine.

Msamiati huu husaidia kupata chanzo cha hitilafu. Taa iliyo kando ya tundu la kebo isipowaka, ikaguliwe kwanza kebo, kisha swichi. Seva ikipatikana lakini intaneti haipatikani, ichunguzwe ruta au njia ya nje. Katika hali hiyo ya pili, kituo chenye seva yake ndani kinaweza kuendelea kutuma majibu kutoka maabara hadi kwa daktari. Mtumishi anayeitambua tofauti hiyo hana sababu ya kusimamisha huduma.