Usiunyooshe Upinde wa Babu

Ukikabidhiwa upinde wa zamani, mikono itataka kuuvuta kabla akili haijasema neno. Izuie. Wala usiufunge kamba ya nailoni ili uone kama bado una nguvu. Upinde uliokaa darini miaka arobaini bila kupindwa umekauka, na ndani yake huenda mna nyufa ambazo jicho halizioni. Uvute mara moja tu, na huenda ukabaki na vipande viwili vya kuni mkononi na kovu usoni.

Nayasema haya kwa sababu nilikaribia kuyafanya. Kazi yangu ni kukarabati milango ya kuchonga na makasha ya Pwani, vitu ambavyo sifa yake ni kutotikisika. Ubao wa mlango ukipinda, fundi amelala. Upinde ni mti wa tabia nyingine, na jina lake latokana na kitendo chenyewe: kupinda. Dada mmoja aliponiletea upinde wa marehemu babu yake hapa karakanani Malindi, niliukagua kama ninavyokagua mguu wa kitanda cha samadari. Nilikuwa nimeshakata kamba ya nailoni alipoingia mzee mmoja wa Kiwaata, jamaa wa familia yao, ambaye dada alikuwa amemwomba aje atazame.

“Mwanangu,” akaniambia, “huo weka chini kwanza.”

Niliuweka. Kwa miezi mitatu iliyofuata nilikuwa mwanafunzi wake, na pia mwanafunzi wa mama mmoja aliyestaafu kazi ya uhifadhi katika makumbusho. Hawa wawili hawakukubaliana katika mengi, lakini yale waliyokubaliana ndiyo ninayotaka kumpa msomaji mwenye upinde wa babu yake uchagoni.

Wenye upinde huo, Waata, ndio wanaotajwa katika vitabu vya wakati wa ukoloni kwa jina la Waliangulu. Waliishi kwa kuwinda katika nyika iliyo nyuma ya Malindi, kandokando ya mto Galana, na walisifika kwa kuwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, ardhi yao ya kuwindia ikawa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kati ya mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa dhidi ya wawindaji, na wengi walifungwa. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, uliokusudia wawinde kwa kibali, lakini haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Kwa hiyo pinde nyingi zilizobaki majumbani ni za watu walioacha kuwinda kwa kulazimishwa, na zilipandishwa darini kwa siri. Mzee aliniambia hili mapema ili nielewe kwa nini upinde huu ulikuwa umepakwa oili chafu ya gari kutoka ncha hadi ncha. Mtu aliuficha, akaogopa mchwa, akatumia alichokuwa nacho.

Pinde hizi zilikuwa nzito. Waliozipima zamani waliandika kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili mia na zaidi, yaani kilo 45 kwenda juu. Kiasi hicho kinaziweka katika daraja moja na pinde za vita za Waingereza zilizoopolewa kutoka meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Wanaodhani kwamba upinde wa nyikani ni mchezo wa watoto wachungaji waliweke hilo akilini.

Mti wenyewe, mzee aliutambua kwa kunusa mahali palipochubuka: mkone, wa ukoo wa mikole, miti ya jenasi Grewia ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wameitumia kwa pinde na fimbo. Haukupasuliwa kutoka gogo. Ni shina changa lililochongwa likabaki la mviringo, nene katikati, likipungua taratibu kuelekea ncha mbili.

Umbo hilo la mviringo lina siri ambayo kila mwenye msasa mkononi anapaswa kuijua. Ukakamavu wa fito ya mviringo haupungui sawasawa na unene wake. Unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Punguza sehemu moja ya kumi ya unene, na takriban theluthi moja ya ukakamavu imeondoka. Upinde huu ulikuwa na milimita 27 katikati. Kuusugua hadi ung'ae, kama nifanyavyo kwa makasha, kungeweza kula milimita moja hapa na mbili pale, na mahali palipoliwa zaidi ndipo ambapo siku moja pangevunjika. Fundi wa kwanza alikaa siku nyingi akikwangua kidogo, akipinda, akitazama, akikwangua tena, mpaka mikono miwili ya upinde ikapinda kwa ulinganifu. Msasa wa dakika kumi unaifuta kazi hiyo yote.

Tuliiondoa oili kwa pamba iliyoloweshwa tapentaini kidogo, tukijaribu kwanza mahali padogo karibu na ncha, kisha tukiendelea kiganja kwa kiganja. Yule mama alinikataza kusugua. Nilipaswa kugusa na kuinua, kugusa na kuinua. Ilichukua siku nne. Chini ya oili ukatokea mng'ao wa hudhurungi wa mafuta ya wanyama na jasho la mkono, na juu kidogo ya mshiko pakaonekana mkwaruzo laini, mwembamba kama kucha, ambapo mishale ilipita mara elfu kadhaa. Mzee aliugusa, akaubadilisha upinde kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akamgeukia dada. “Babu yako alitumia shoto. Nilikuwa nimesahau.” Ningekuwa nimepiga msasa, habari hiyo ingekuwa vumbi sakafuni.

Sasa nifike kwenye jambo lililotutenganisha. Upinde ulikuwa na mpindo. Hata bila upote (ndilo jina la kamba ya upinde, na ni neno zuri ambalo tunaliacha lipotee) haukulala sawa mezani. Ncha zake zilinyanyuka kama vidole vitatu kila upande, na mkono wa chini ulipinda zaidi ya wa juu. Mimi niliona kasoro. Nina sufuria ya mvuke na vibano, nimenyoosha mbao nyingi, na kwa joto na unyevu mti hulainika vya kutosha kukubali umbo jipya. Nilikwisha pasha maji.

“Ukiunyoosha,” mzee akauliza, “utakuwa upinde wa nani?”

Nilidhani ni maneno ya heshima tu kwa marehemu. Yule mama ndiye aliyenionyesha kwamba yana fizikia ndani yake. Upinde unapovutwa, upande unaotazama shabaha, ambao mafundi huuita mgongo, huvutwa na kutanuka. Upande unaomtazama mpigaji, tumbo, hubanwa. Mti kwa kawaida huvumilia kuvutwa zaidi kuliko kubanwa. Hivyo vijumba vidogo vya nyuzi za tumbo hujikunja kwanza, na vikishajikunja havirudi. Alinipa kioo cha kukuzia. Kwenye tumbo, karibu na mahali penye mpindo mkubwa, niliona mistari myembamba iliyokatiza mti kwa upana, kama mikunjo ya kiganja. Kila mstari ni mahali ambapo mti ulisalimu amri mbele ya nguvu za mtu mmoja. Mvuke ungerudisha umbo la nje tu. Vijumba vilivyopondeka vingebaki vimepondeka, sasa vikivutwa kwa nguvu upande ambao havikuuzoea, na mgongo nao ungepoteza mvutano uliokuwa umezoea. Ningepata upinde ulionyooka na dhaifu kuliko nilioupokea.

Nilizima jiko.

Nyufa ni suala jingine, na hapa kanuni ni rahisi. Pitisha pamba kavu taratibu kwenye mgongo; mahali ambapo nyuzi za mti zimeanza kunyanyuka, pamba itanasa. Ufa unaokwenda kwa urefu, ukifuata nyuzi, mara nyingi umetokana na kukauka na si wa kutisha. Ufa unaokatiza ndio mwisho wa kazi ya upinde huo, na hakuna gundi itakayobadilisha hukumu. Sisi tulikuwa na mmoja wa urefu, wa sentimita tisa. Mimi ningeweka epoksi. Mama alikataa: alitaka gundi ya ngozi iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, kwa sababu fundi wa kesho akiona tumekosea ataweza kuilainisha kwa joto na unyevu na kuanza upya, ilhali epoksi haimpi nafasi. Matundu ya bungua hayakuwapo. Moshi wa jiko la bibi yake dada uliufanyia upinde huo kazi ambayo makumbusho huifanya kwa friza.

Unyevu ndio unaohitaji subira. Upinde uliotoka kwenye dari kavu ya mabati bara ukiletwa Malindi, mti hunywa unyevu wa bahari na kuvimba. Ukifanyika haraka, nje hutanuka kabla ya ndani, na ufa mpya huzaliwa. Tuliufunga kwa shuka la pamba, tukauweka wiki tatu chumba cha ndani, mbali na dirisha, kabla ya kuugusa kwa gundi.

Lazima niseme pia juu ya podo lililokuja na upinde, maana hapa mtu anaweza kufa. Ndani mlikuwa na mishale miwili yenye vichwa vilivyozungushiwa ukanda wa ngozi. Ukanda huo huhifadhi sumu isikauke na kumkinga mwenye mshale mwenyewe. Sumu ni ya msunguti, na ndani yake mna kemikali iitwayo ouabaini, ambayo huvuruga mapigo ya moyo ikiingia kwenye damu. Jina hilo wanasayansi walilitoa katika neno la Kisomali la sumu hiyohiyo. Haipotezi ukali kwa kuzeeka kama watu wanavyodhani. Usifungue ukanda, usikwangue “uone rangi”, vaa glavu, iweke mishale kwenye kasha lenye maandishi ya onyo, na watoto wasijue hata rafu ilipo.

Basi tukabaki na swali la upote. Wa zamani ulikuwa umekatika, kipande cha shubiri mbili kikining'inia. Mama alitaka tuuache hivyo. Mzee alisema upinde usio na upote ni fimbo, na hatamwacha mjukuu wa mwenzake aning'inize fimbo ukutani. Siku mbili hawakusemezana vizuri, nami nilikuwa katikati nikichemsha chai. Mwishowe walipatana: kipande cha zamani kibaki palepale kilipofungwa, na kando yake upote mpya ufungwe ncha moja tu, uzungushwe kwenye mkono wa upinde, usikazwe kamwe.

Wazee walipenda kano za twiga kwa urefu wake. Leo kuwa nazo bila kibali ni kosa la jinai. Tulinunua kano za mgongo wa ng'ombe buchani. Huanikwa kivulini hadi ziwe ngumu kama plastiki, hupondwa kwa mbao juu ya mbao mpaka zifunguke kuwa nyuzi nyeupe, kisha hulowekwa kidogo na kusokotwa. Nyuzi za kila fungu husokotwa kuelekea kulia, halafu mafungu mawili husukwa pamoja kuelekea kushoto. Kila fungu linajaribu kujifungua na kwa kufanya hivyo linalikaza lenzake. Uzi mpya huongezwa kabla wa zamani haujaisha, mahali tofauti katika kila fungu, pasiwe na kiungo kimoja kinene.

Mzee alisokota upote wote kwenye paja lake, asubuhi nzima, huku dada akimrekodi kwa simu. Alipofika kwenye fundo la ncha alilifunga polepole, akatupa nafasi ya kuona. Kisha akalifungua, akamwambia dada aweke simu chini, akampa ncha ya upote.

Fundo la kwanza liliteleza. La pili pia. La tatu mzee alilivuta kwa nguvu zake zote, akalitazama, akaenda kunawa mikono.